Siku Ambayo Ardhi Haichimbwi

Koplo Mane aliliegemeza jembe ukutani, akajifuta mikono kwenye suruali ingawa mikono yenyewe haikuwa na vumbi hata chembe.

"Afande, nitume popote. Nipekue choo, nipande juu ya paa, sawa. Lakini kuchimba leo, utanisamehe, sichimbi."

"Kuna mtu amekufa, Mane."

"Najua, afande. Na mimi nina watoto watatu. Leo ni siku ya Nagoba, mungu wa nyoka. Jembe likimpata nyoka huko chini, laana haiendi kwa serikali, inakuja kwangu."

Inspekta Vasudha Ghorpade alikuwa na miezi mitano tu katika kituo hiki. Kwao mjini Satara, Nag Panchami, sikukuu hii ya nyoka, ilikuwa picha ya nyoka ukutani na kikombe cha maziwa mbele yake, basi. Hapa Varulwadi watu hawakuwa wamegusa jembe wala kisu tangu jana jioni, na yeye alikuwa amesimama nyuma ya nyumba ya marehemu akimwamuru mtu mzima afukue bustani. Alijiona mjinga, na hilo likamkasirisha.

Marehemu alikuwa Anandrao Shelke, mkulima wa miwa mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja. Saa moja asubuhi mkewe alimkuta amekufa kitandani katika chumba cha mbele, kifundo cha mguu kikiwa na matundu mawili madogo. Kijiji kizima kikasema ni swila. Swila wa nani? Wa Genu Bagde, mkamata nyoka, ambaye wiki mbili zilizopita alitukanana na Anandrao sokoni. Anandrao alikuwa ametishia kumshtaki kwa watu wa maliasili, maana siku hizi kukamata nyoka ni kosa, iwe sikukuu isiwe sikukuu. Ilipofika saa mbili Genu alikuwa amefungwa kamba kwenye nguzo ya hekalu, na ni bahati yake gari la polisi lilitangulia kufika kabla ya mawe.

Saa mbili zilizopita Daktari Nimbkar, aliyeichunguza maiti, alikuwa amepiga simu.

"Huyu hakuumwa na nyoka," alisema. "Swila akiuma mguu unavimba, nyama inageuka nyeusi. Mguu huu hauna kitu. Matundu yametobolewa mtu akiwa ameshakufa, hayakutoa damu. Mboni za macho zimesinyaa, na tumboni kuna maziwa yenye iliki yananuka dawa ya kupulizia miwa."

Vasudha alimweleza mkuu wake. Mkuu hakutikisika. "Basi ni Genu huyohuyo kwa njia nyingine. Si alionekana jana jioni kwenye baraza ya marehemu? Mfungulie mashtaka kabla ya saa kumi, Ghorpade. Sitaki vijana wanichomee gari." Akakata simu.

Kwa hiyo palihitajika chupa. Nyumba ilikuwa imepekuliwa, dawa hakuna. Bomba la kupulizia lilikuwepo zizini, chupa yake haipo.

"Hebu rudia ulichosema," Vasudha alimwambia Mane. "Leo hakuna anayechimba?"

"Hakuna. Hakulimwi, mboga hazikatwi, chuma cha chapati hakiwekwi motoni. Leo ni vyakula vya mvuke tu."

"Hata mtu aliyeua?"

Mane alianza kucheka, kisha akaacha. "Ni mtu wa hapa?"

"Wa hapa."

"Basi hata yeye, afande. Kuua mtu ni jambo moja. Hili ni jingine."

Vasudha aliliangalia jembe, akaiangalia bustani. Alikuwa amepoteza saa nzima akikagua udongo.

"Tumeangalia choo?"

"Kwa mti mrefu, mpaka chini. Nimetapika."

"Kisima?"

"Kina wavu na kufuli."

"Tangu usiku, nani katoka nje ya uwanja huu?"

"Hakuna, ila wanawake wawili wa nyumba hii. Walikwenda kichuguuni alfajiri, saa kumi na mbili, na masinia yao, kumwagia nyoka maziwa. Waliporudi ndipo wakamkuta ndugu yetu."

* * *

Genu Bagde alikuwa amekaa nyuma ya gari la polisi, magoti yamegusana na kidevu. Mzee mwembamba, kidole cha shahada hana. Nje vijana kumi na watano hivi walikuwa wakipiga bati la gari kila walipokumbuka.

"Mzee Genu, swila wako yuko wapi?"

"Nimemwachia, afande."

"Lini?"

"Jana. Nilikwenda kwa Anandrao jioni, nikamwomba radhi, nikanywa chai yake, nikamwambia namrudisha nyoka msituni. Nikampeleka usiku uleule, mwendo wa saa tatu. Nimerudi leo jua limeshachomoza, nakuta watu wananingoja na kamba."

"Nani alikuona msituni?"

"Nyoka." Aliona uso wa Vasudha, akaongeza haraka, "Samahani, afande. Hakuna mtu. Nani ataniona huko?"

"Ulimpa Anandrao maziwa?"

"Mimi? Nilipewa chai na dada yake, Anusaya. Maziwa nayatoa wapi, mimi sina hata mbuzi." Bati likapigwa tena. Genu akajikunyata. "Afande, wakinipeleka jela mke wangu haoni. Macho yote mawili. Ni mimi ninayempikia. Mtu akimwekea sahani mahali pengine hali kitu."

Vasudha alimwambia akae palepale na asijibishane na mtu.

* * *

Jikoni kwa akina Shelke moto ulikuwa umezimika. Vitumbua vya mvuke vya dengu na sukari guru vilikuwa vimekauka ndani ya sufuria, hakuna aliyevigusa. Hirabai, mke wa marehemu, alikuwa amekaa sakafuni, bangili zake ameshazivunja kama afanyavyo mjane. Hina mikononi mwake ilikuwa nyeusi kama kahawa, kutoka kwenye vidole mpaka viwiko.

"Nani alimpa mumeo maziwa jana usiku?" Vasudha aliuliza.

"Sijui. Mimi nilikuwa nimekaa tu kama sanamu, mikono yote ina hina. Wifi ndiye aliyeninywesha maji. Kisha akanifunga vitambaa nikalala."

"Anusaya hakupaka hina?"

"Alipaka. Nilimpaka mwenyewe, kisha nikajipaka."

"Umekula?"

Hirabai alitikisa kichwa. "Tangu juzi. Jana nilimfungia kaka yangu. Jana kila mwanamke mwenye kaka hufunga, afande, ili aishi."

"Na wifi yako?"

"Mwaka huu hakufunga." Alisema bila kufikiri, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Alikula wali na dengu mbele yangu. Nikamwambia, wifi, mbona unakula, leo si mfungo wa kaka? Akasema tumbo linamsumbua. Nilishangaa kidogo. Huyo hata akiwa na mimba alifunga."

Vasudha hakuandika kitu. Alishukuru, akatoka.

Anusaya alikuwa kwenye ukumbi wa nyuma akimimina maji kwenye vikombe vya waombolezaji. Aliolewa kijiji cha ng'ambo ya mto miaka kumi na tisa iliyopita, na kama mabinti wote walioolewa, alirudi nyumbani kwao kwa ajili ya sikukuu. Mikono aliificha ndani ya ncha ya sari, akishikia vikombe kwa kitambaa.

"Pole kwa msiba, dada."

"Ahsante, afande."

"Yale maziwa ya usiku alipewa na nani?"

"Labda alijichukulia mwenyewe. Mimi na wifi tulikuwa na hina mpaka asubuhi. Hatukuweza kushika hata kijiko."

"Mpaka asubuhi, wote wawili?"

"Wote wawili."

"Nina kiu. Naomba na mimi maji."

Anusaya akasita. Mgeni akiomba maji hapewi kwa kitambaa. Akakitoa kikombe kwa mikono miwili, na Vasudha akachukua muda wake kukipokea. Maua yalikuwa yamechorwa vizuri, na mkono uliochora ulikuwa mmoja na ule wa jikoni. Lakini rangi yake ilikuwa ya chungwa, hafifu, ya hina iliyooshwa kabla haijashika. Na juu ya kifundo cha mkono wa kulia, chini ya bangili, kulikuwa na kovu la moto lenye upana wa upawa.

Sauti ya mwanamume ikawakatiza. Ilikuwa ya Vithoba Lokhande, mumewe Anusaya, aliyefika na pikipiki mara tu aliposikia habari. Alikuwa mtu mnene, amevaa shati lililopigwa pasi.

"Afande, mnamaliza lini na mke wangu? Nina ng'ombe wanne wa kukamuliwa."

"Maiti ya shemeji yako hata haijachomwa moto."

"Nasema baada ya hapo. Kesho, kama ilivyopangwa. Anandrao mwenyewe aliahidi kumrudisha kesho, hajawahi kuniangusha." Akamgeukia mkewe. "Na wewe, usianze kulialia hapa."

Anusaya hakuwa akilia. Maji yalikuwa yanajaa kwenye kikombe kingine na kumwagika miguuni mwake, naye anaendelea kumimina.

* * *

Kichuguu kilikuwa mwendo wa dakika kumi, kando ya shamba la miwa, kirefu kuliko mtu, kimepakwa manjano na poda nyekundu. Maziwa yalikuwa yameganda ubavuni, nzi wamejaa. Kilikuwa na matundu matano. Mane aliyaangalia akiwa mbali, amemshika Genu waliyekuja naye kwa gari.

"Kuchimba hatuchimbi," Vasudha alisema. "Mzee Genu, unaweza kuingiza mkono?"

"Afande!" Mane akamvuta pembeni. "Na kama chupa aliiweka yeye? Si ndiye mtu pekee wa kuthubutu kuingiza mkono humo?"

"Ndiyo maana namtazama. Na wewe mtazame."

Genu alifunguliwa pingu. Alipiga magoti, akagusa udongo kwa paji la uso, akasikiliza kila tundu kwa muda. Tundu la kwanza akaingiza mkono mpaka begani. Hamna. La pili akaingiza, akautoa haraka, jasho likimtoka.

"Yumo?" Mane aliuliza kwa mnong'ono.

"Yumo. Amekasirika. Tangu asubuhi wanamzamisha kwa maziwa, na nyoka hanywi maziwa, afande. Hawa dada zangu nimewaambia miaka thelathini, hawanisikii."

La tatu mkono ulizama mpaka kiwiko tu. "Kuna kitu. Laini. Kioo."

"Usikitoe," Vasudha alisema. "Papasa kwanza. Juu yake kuna nini?"

"Bisi. Bisi za sadaka, zimelowa."

"Na chini yake?"

Genu alifumba macho, vidole vikitembea mahali asipopaona. "Bisi pia. Nyingi. Kimekaa juu ya bisi."

"Sasa kitoe."

Ilikuwa chupa ya dawa ya miwa, nusu tupu. Shingoni mwake ilikuwa imefungwa kwa uzi miiba miwili ya mgunga, imelingana urefu. Vasudha aliipokea kwa mfuko wa plastiki.

"Mane, bisi humwagwa saa ngapi?"

"Alfajiri tu, afande. Kabla ya hapo kichuguu husafishwa. Jana jioni nilikuwepo, kilifagiliwa mpaka ndani ya matundu."

"Na alfajiri wanaume wanaruhusiwa kusogea?"

"Thubutu! Ni wakati wa wanawake. Mwanamume akionekana hapa atapigwa masinia."

"Basi chupa imeingia wakati bisi zinamwagwa. Baada ya wa kwanza kumwaga, kabla ya wa mwisho." Alimgeukia Genu, ambaye alikuwa bado amepiga magoti, mkono umejaa maziwa yaliyochacha. "Mzee, nenda kapike."

Genu hakuelewa mara moja. Alipoelewa alilia palepale, kwa sauti, bila aibu, na Mane akajifanya anafunga kamba za viatu.

* * *

Vasudha alimkuta Anusaya zizini, akiwapa ndama maji. Aliiweka chupa juu ya ukuta mfupi, ndani ya mfuko wake. Anusaya aliiona, akaendelea na ndama mpaka ndoo ikaisha.

"Wifi yako alilala na hina, mikono yake nimeiona," Vasudha alisema. "Yako uliiosha baada ya muda mfupi. Ulihitaji mikono."

"Hina ni hina tu, afande. Nyingine hazishiki."

"Ilipakwa na mtu mmoja, kutoka bakuli moja."

Anusaya aliipindua ndoo tupu chini.

"Hilo ningeweza kubishana nalo mwenyewe," Vasudha akaendelea. "Lakini kwa nini ulikula jana?"

Swali hilo ndilo lililompata. Anusaya alikaa chini, kwenye majani ya ng'ombe, na sari yake mpya ya sikukuu.

"Ningefungaje?" alisema. "Niambie wewe. Nikae na njaa mchana kutwa, namwomba Nagoba ampe kaka yangu miaka mingi, na chupa iko chini ya gunia? Mimi si mtu wa kumdanganya Mungu."

"Ungefunga, nisingejua."

"Yeye angejua."

Mane alikuwa amesimama mlangoni na daftari. Vasudha alimwonyesha kwa mkono aandike.

"Ni kwa sababu ya kurudishwa?"

"Mara nne nimekimbia." Alikunja ncha ya sari, akaonyesha mkono wote. Kovu la upawa lilikuwa dogo kuliko mengine. "Mara nne nimekuja hapa kwa miguu. Kila mara Anandrao ananipakia kwenye pikipiki yake, ananirudisha. Hakuwahi kunigombeza. Njiani anasimama sokoni, ananinunulia bangili, anasema, dada yangu, vumilia, watu watasema nini. Ananifikisha mlangoni kwa Vithoba, wanakunywa chai pamoja. Ningekuwa na kaka mkali ningeelewa. Yeye alikuwa mpole, afande. Alikuwa ananipenda."

"Na mwaka huu?"

"Mwaka huu nilimwambia, ukinirudisha, huyu ataniua. Akacheka. Akasema, baada ya Panchami tutaongea. Kisha nikamsikia kwenye simu anamwambia Vithoba, kesho kutwa nakuletea." Alikuwa akizungumza polepole ili Mane aweze kuandika. "Nilitia iliki nyingi. Aliyanywa yote, akanishukuru."

"Na miiba?"

"Nilitaka waseme ni nyoka. Nyoka hafungwi jela, sikukuu yake watu wangenyamaza. Mzee Genu sikumfikiria kabisa. Nilipoona wanamfunga kwenye nguzo..." Aliziba uso. "Nilisema moyoni, nikisikia wanampiga jiwe la kwanza nitatoka niseme. Nililiambia hilo jiwe lisije. Mkaja ninyi."

"Ungetoka?"

Anusaya alifikiri kwa uaminifu. "Sijui," alisema.

Kutoka barazani sauti ya Vithoba ilisikika, akimuuliza mtu kama mke wake bado anahojiwa, kwani kuna nini cha kuhoji kwa mwanamke asiyejua kusoma. Mane alifunga daftari kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Simama, dada," Vasudha alisema. Alitoa pingu, akazitazama, akazirudisha kwenye mkanda. "Utakwenda nasi. Kesi itakuwa ndefu. Sitakudanganya, miaka yake ni mingi."

Anusaya alisimama, akajikung'uta majani. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alimtazama Vasudha usoni.

"Huko jela, mume anaweza kuja kumchukua mkewe?"

"Hawezi."

"Hata akija na wazee? Hata wakimbembeleza mkubwa wa huko?"

"Hata akija na kijiji kizima."

Anusaya alilichukua jibu hilo taratibu. Vasudha akadhani sasa analia, lakini hakulia. Aliuliza gari limeegeshwa upande gani. Alipoonyeshwa, alitangulia yeye, akapita katikati ya ua, akapita mbele ya mumewe aliyekuwa ameinuka kitini, bila kuvuta ncha ya sari kichwani kama mke anavyopaswa.